Jumamosi yako uipeleke wapi: bustani ya kikundi, bustani ya shule au kitalu cha miti?

Kila masika yakikaribia hapa Morogoro, kuna swali linalonirudia kutoka kwa majirani, wafanyakazi wenzangu na vijana wa chuo: "Dada, nataka kujitolea kwenye bustani. Nijiunge na nani?" Kwa muda mrefu nilikuwa namjibu kila mtu, "Njoo kwetu." Siku hizi sijibu hivyo. Nimeona watu wenye moyo kabisa wakiingia kwenye kikundi kisichowafaa, wakachoka ndani ya mwezi mmoja, wakaondoka wakiamini kwamba kazi ya udongo hawaiwezi. Kumbe walielekezwa mlango usio wao.

Milango niliyoipitia mwenyewe ni mitatu. Nilikaa miaka sita kwenye kikundi cha bustani ya mboga cha mtaa, miaka miwili nikasaidia bustani ya shule ya msingi, na sasa Jumamosi zangu nyingi zinaishia kwenye kitalu cha miche ya miti chini ya milima ya Uluguru. Kote ni jembe, samadi na maji, lakini si kazi moja.

Wengi wakitaka kuchagua huanza na kile wanachopenda kupanda. Mimi nakuomba uanze na siku ya Jumanne. Jumamosi kila mtu yupo, watu wanacheka, chai ya tangawizi inapita. Jumanne saa kumi na moja jioni, katikati ya Septemba, mvua za vuli bado hazijanukia: nani atabeba keni ya kumwagilia? Ukijua wewe Jumanne unakuwa wapi, umeshajua nusu ya jibu.

Kila kazi ilivyo

Kikundi cha mtaa kwa kawaida ni watu kumi hadi ishirini, wengi wao akina mama, kwenye kiwanja cha kuazima. Kuna matuta ya kikundi na mara nyingi kila mwanachama ana tuta lake. Wanalima mchicha, matembele, chainizi, sukuma wiki, mnavu, bamia, nyanya chungu. Kuna mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, kikao cha mwezi na faini ya kuchelewa.

Bustani ya shule ina historia ndefu kwetu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule lilikuwa moyo wa jambo lile, na wengi wetu tuliosoma shule za serikali tumewahi kubeba jembe na ndoo kwenda shule. Baadaye zikaja klabu za wanafunzi za uhifadhi wa mazingira: Malihai mwaka 1980, kisha Roots & Shoots, ambayo Jane Goodall aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1991 na leo ipo nchi nyingi duniani. Anayejitolea hapa hulima kidogo na kuongoza watoto zaidi.

Kitalu cha miti ni kujaza udongo kwenye viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kusia mbegu, kuhamishia miche, kupalilia, na mvua zikishika, kwenda kupanda. Hapa Afrika Mashariki kazi hii haitajwi bila kumkumbuka Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement Kenya mwaka 1977 akiwa na akina mama wa vijijini. Vitalu vyao vilikuwa vidogo vidogo, nyuma ya nyumba, na ndivyo vilivyo vingi vya kwetu hadi leo.

Muda na maji

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea.

Mchicha unang'olewa baada ya wiki tatu hadi nne tangu kusia. Ni mboga ya kutia moyo: unamwaga mbegu leo, mwezi haujaisha una mafungu mkononi. Lakini wiki hizo tatu mchicha haukubali kusahauliwa. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, wakati wa kiangazi, kwetu lilikuwa linakunywa keni nne hadi tano za lita 10 kwa siku. Matuta manane ni karibu lita 400. Kama bomba liko kiwanjani, ni kazi ya saa moja na nusu kwa watu wawili. Kama maji yanatoka kisima cha jirani, hesabu jioni nzima. Matandazo ya nyasi kavu yanapunguza kazi sana, na matuta ya kuzama yanashika maji vizuri kuliko ya kuinuka, lakini hakuna ujanja unaoondoa zamu.

Zamu yangu ilikuwa Jumanne. Nakumbuka Jumanne moja kazini kulikuwa na ukaguzi, nikatoka saa moja usiku. Nilikimbilia kiwanjani na taa ya simu. Miche ya chainizi tuliyoipandikiza Jumapili ilikuwa imelala juu ya udongo kama nyuzi. Nusu ya kwanza ya tuta udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Nusu ya pili ulikuwa kijivu, umepasuka. Bibi mmoja mwenye tuta la jirani alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anapumzika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nimewanywesha watoto wako hadi hapo, mgongo umegoma."

Bibi yule alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Nilimalizia nusu iliyobaki usiku ule, na kesho yake nikamwambia mwenyekiti kwamba Jumanne siiwezi, anipe Alhamisi na Jumapili. Hakuna aliyenilaumu. Kikundi kinavumilia mtu mwenye siku chache anazozitimiza. Kinachokiua ni mtu anayeahidi siku tano halafu bibi wa jirani anabeba keni zake.

Kwa hiyo kama una jioni mbili za uhakika kila wiki, mwaka mzima, kikundi cha mtaa kinakufaa. Kama huna, usijidanganye kwamba utajipanga.

Shule ina saa zake. Kazi za nje hufanyika siku za kazi, mara nyingi mchana baada ya vipindi, na mwajiri wako hatakuachia kila Jumatano. Ndiyo maana bustani za shule zinawafaa zaidi wastaafu, wafanyabiashara wadogo wanaojipangia muda, na akina mama ambao watoto wao wanasoma pale pale. Lakini kikwazo kikubwa zaidi ni likizo. Shule hufungwa Juni, na Juni ndipo masika yamekwisha na jua linaanza kuuma. Mwaka wangu wa kwanza tulipanda sukuma wiki na maharage mwishoni mwa Aprili, watoto wakayapalilia kwa furaha, shule ikafungwa. Tuliporudi Julai tulikuta vijiti. Mtoto mmoja wa darasa la nne alishika mmea mkavu wa sukuma wiki aliouandikia jina lake kwenye kibao, akaniuliza kama anaweza kwenda nao nyumbani hivyo hivyo.

Mwaka wa pili tulihesabu kutoka nyuma. Maharage yanachukua karibu miezi mitatu, basi yawe ardhini mapema Machi, mvua za kwanza tu, yavunwe kabla watoto hawajafunga. Mchicha na figiri tukavisia kila wiki mbili hadi mwanzoni mwa Mei, basi. Sehemu ya kubaki likizo tukaipa matembele, mihogo na mipapai, ambavyo havifi kwa wiki nne. Mlinzi wa shule tukakubaliana naye mbele ya mwalimu mkuu: amwagilie mipapai, avune matembele kwa ajili ya nyumbani kwake. Tuliporudi Julai palikuwa kijani. Kama shule unayotaka kwenda haina jibu la swali la Juni, saidia kulipata kabla hujanunua mbegu hata pakiti moja.

Kitalu kina mwendo tofauti. Mara nyingi kuna mtu anayelala pale au anayelipwa kidogo kumwagilia kila siku, kwa hiyo anayejitolea anakuja kwa mafungu: Septemba hadi Novemba kujaza viriba na kusia, Januari na Februari kupalilia na kukata mizizi inayotoboa kiriba kuingia ardhini, Machi na Aprili kupanda. Miche mingi inakaa kitaluni miezi mitatu hadi sita, kutegemea aina. Mtu wa Jumamosi mbili kwa mwezi ana nafasi yake hapa na hatamwangusha mtu.

Ila kitalu nacho kina Jumanne yake, nayo huja Agosti. Tanzania tuna Siku ya Taifa ya Kupanda Miti tarehe 1 Aprili, na siku hiyo watu huwa wengi kuliko miche. Fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, mashimo yanachimbwa upesi upesi. Nilishiriki upandaji mmoja wa namna hiyo kwenye mteremko wa juu ya mji. Tulirudi watatu mwezi Agosti. Vijiti vya alama vilikuwepo vyote, vimesimama kwa mstari, na pembeni ya vingi hapakuwa na kitu. Tulichimbua mmoja uliokauka: kiriba hakikuwa kimevuliwa. Mche ulipandwa na plastiki yake, mizizi ikazunguka ndani mpaka ikajinyonga. Hapo ndipo nilipoamua kwamba nitahesabu miti ninayoitembelea, si ninayoipanda. Ukichagua kitalu, jipe kazi ya kuipitia miche uliyoipanda kwa viangazi viwili vya mwanzo: kupalilia mduara, kuweka matandazo, kumwaga ndoo moja pale inapowezekana. Baada ya hapo mti mwingi unajitegemea.

Ardhi ni ya nani

Watu wapya hawaulizi hili, na linaumiza kuliko wadudu wote.

Kiwanja chetu cha kwanza kilikuwa cha mtu aliyesafiri. Kilikuwa changarawe na chupa. Tulibeba samadi kwa toroli miaka miwili, tukachimba mboji, udongo ukawa mweusi hadi unanukia. Mwenye kiwanja akarudi, akaona pamependeza, akaanza kujenga. Haki ilikuwa yake, hatukuwa na karatasi yoyote. Kikundi kilichofuata tuliandikiana: misimu mitano, notisi ya miezi mitatu, mwenyekiti wa mtaa shahidi. Ukienda kujiunga na kikundi, ulizia karatasi hiyo bila aibu. Kama haipo, bado unaweza kujiunga, lakini usichangie uzio wa matofali.

Jambo la pili ni mto. Bustani nyingi za mijini ziko bondeni kwa sababu maji yako pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Nimeona matuta mazuri kabisa yakifyekwa baada ya onyo, na waliolima walikuwa wameambiwa na kila mtu kwamba "hapa hapana shida". Pima hatua zako. Halafu angalia maji yenyewe: maji ya mto unaopita katikati ya mji yanabeba mengi, na majani kama mchicha hayamenywi. Mifereji iliyotuama ina kichocho pia, kwa hiyo mtu asiingie peku.

Shule imetulia zaidi kwa upande huu. Eneo ni la shule, halihami. Kinachoweza kuhama ni mwalimu anayelipenda, na akipata uhamisho bustani hulala. Muulize mwalimu mkuu nani mwingine anashika kazi hiyo.

Kitalu kinahitaji eneo dogo tu, na viriba vinahamishika. Kikundi chetu kilihama mara moja na miche elfu mbili kwa mkokoteni, siku tatu, tukapoteza michache. Swali la ardhi linakuja wakati wa kupanda. Huku kwetu mito inayotoka Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, kwa hiyo kilichopandwa juu ya chemchemi si jambo la kijiji kimoja. Mkaratusi unakua haraka na una soko la nguzo, lakini karibu na chanzo cha maji hauna nafasi. Kitalu kinachokupa mikaratusi uende kuipanda chemchemini, kiulize maswali. Kinachokupa mikangazi, mivule na mikuyu kinajua kazi yake.

Mfuko, na fungu la mchicha

Kujitolea si bure kwa mtu yeyote, ni vizuri kujua gharama inakaa wapi.

Kwenye kikundi kuna kiingilio, mchango wa mwezi, mbegu, bili ya maji. Mboga zinauzwa, fedha zinaingia kwenye sanduku. Kikundi kikisajiliwa halmashauri, kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada wa kweli, umeinua vikundi. Lakini kikundi kilichochukua mkopo kinabadilika: kinalima cha sokoni, kina marejesho, na mtu aliyekuja kwa ajili ya kujitolea anajikuta kwenye biashara. Uliza kama kuna mkopo unaolipwa na nani anadhamini kabla hujaandika jina lako kwenye daftari.

Na hapa nina ushauri ambao mwajiriwa mwenye mshahara hupenda kuukataa. Mavuno yakigawanywa, chukua fungu lako. Mwanzoni nilikuwa nasema, "Hapana, wapeni wenye shida zaidi." Nilidhani nafanya wema. Mama mmoja aliniita pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, ukikataa mchicha wetu unatufanya sisi ndio maskini na wewe mgeni wa heshima." Tangu siku ile nabeba fungu langu kwenye mfuko, nalipika, na kikao kinachofuata nasema lilikuwa na uchungu kidogo au lilikuwa tamu. Niliacha kuwa mfadhili, nikawa mwanachama.

Kuhusu mazao: kikundi kipya kikikuambia kinaanza na nyanya kwa sababu bei ni nzuri, wasihi waanze na majani. Tangu kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nyanya imekuwa zao la dawa nyingi na usingizi mdogo, na kikundi kinachopoteza zao la kwanza mara nyingi hakifiki la pili. Mchicha na matembele vitawafundisha kukaa pamoja.

Shuleni utatoa, hutapokea: keni mbili, reki, mbegu, pengine mabati ya kufunikia mboji. Pitisha kila kitu kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kiandikwe. Jembe lililoingia shule bila kuandikwa hupotea likizo ya kwanza, na anayeulizwa ni mwalimu masikini wa Mungu.

Kitaluni gharama ni viriba, mbegu na usafiri wa siku ya kupanda. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 halikugusa vifungashio vya kilimo, kwa hiyo viriba bado vinatumika. Ndiyo sababu nyingine ya kuvivua na kuvirudisha mjini, visibaki msituni. Mbegu nyingine ni za kuokota: mwarobaini, kwa mfano, unaokota chini ya mti, unaondoa nyama ya tunda, unasia ndani ya wiki mbili tatu, maana mbegu yake haikai. Kwa mbegu ngumu kupata, Morogoro tuna bahati ya kuwa na wataalamu wa mbegu za miti hapa hapa mjini, na Chuo Kikuu cha Sokoine hakiko mbali.

Watu utakaokaa nao

Kikundi cha mtaa ni familia, na familia ina msiba. Utachangia, utakesha, utapika. Kuna wanaoona ni mzigo. Mimi nilihamia mji huu simjui mtu, na aliponifia mzazi, watu wa kwanza kuweka turubai nyumbani kwangu walikuwa wa bustanini. Kuna majungu pia, na ugomvi wa sanduku. Kikundi kisichosoma mapato na matumizi kwa sauti kila kikao, usikae nacho muda mrefu hata kama mnapendana.

Shuleni utakaa na watoto, na watoto wana sheria zao za kulindwa. Usikae na mtoto peke yako, usipige picha bila ruhusa ya shule na mzazi, sumu za wadudu zisionekane kabisa: vidukari tunawashughulikia kwa maji ya sabuni, majivu na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Na kuna jambo moja ninalolisimamia kwa nguvu zangu zote: palizi isiwe adhabu. Ukikuta shule ambako mtoto aliyechelewa anapelekwa bustanini kung'oa magugu, ongea na walimu kwa adabu, wabadilishe adhabu. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe hatalipenda. Wazazi nao wana hoja wanaposema mtoto hakupelekwa shule kulima. Wajibu kwa kazi fupi, dakika arobaini, yenye somo ndani yake: kupima tuta kwa hesabu, kuchora hatua za kuota kwa mbegu, kula kilichovunwa. Siku ambayo mnavu wa bustanini uliungwa ukaliwa na ugali shuleni, hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini tunalima.

Kitalu ni kimya zaidi. Unakaa kwenye kigoda, rundo la udongo mbele yako, mnaongea au hamwongei. Kwa mtu aliyechoshwa na makelele ya wiki, ni dawa. Wazee wanakufundisha majina ya miti kwa Kiluguru na mti upi unaota karibu na maji. Hasara yake ni kwamba matunda ya kazi yako utayaona kwa kuchelewa, na mvule ulioupanda utakivuka kizazi chako. Kama unahitaji kuona kitu sahanini ndipo upate nguvu ya wiki ijayo, nenda kwenye mchicha. Si dhambi.

Ningekushauri hivi

Muuguzi au askari mwenye zamu zinazobadilika: kitalu. Zamu ya kumwagilia mboga itakugombanisha na watu bila kosa lako.

Mwanafunzi wa chuo anayekuja Novemba na kuondoka Julai: kitalu tena, na bila wasiwasi wowote. Utajaza viriba ukifika, utapanda Machi na Aprili, utapalilia kabla hujaondoka. Muachie mwenzako anayebaki mjini orodha ya miti yako ya Agosti. Nimeona wanafunzi wakijiunga na vikundi vya mboga kwa shangwe, na kila Julai matuta yao yanarithiwa na akina mama wasiokuwa na nguvu ya ziada.

Mgeni mjini, aliyeajiriwa, mwenye jioni mbili: kikundi cha mtaa, mara moja.

Mstaafu mwenye subira: shule, hasa kama aliwahi kufundisha. Lakini mstaafu wa mgongo mbaya aombe kazi ya kitaluni ya kusia na kuhamishia kwenye meza iliyoinuliwa. Kubeba keni kutamuumiza.

Mama mwenye watoto wadogo anaweza kwenda nao kikundini, wapo watoto wengine pale na jicho la kila mtu liko juu yao. Kijana anayetafuta kipato asiitwe kujitolea. Aambiwe ukweli kuhusu vikundi vya vijana na mikopo, aanze biashara yake ya mboga au miche kwa heshima.

Kama uko kati na kati, usiamue mwezi wa Aprili. Aprili kila bustani inapendeza. Nenda Septemba, jioni, siku ya kazi. Angalia kama kuna mtu. Inua matandazo uguse udongo wa chini: umelowa au ni vumbi? Uliza ufunguo wa bomba anashika nani na bili ya mwezi uliopita ililipwa lini. Omba kuona daftari la mahudhurio. Kwenye kitalu, waombe wakupeleke kuona miti waliyoipanda mwaka juzi, si mwaka huu. Watu wa kazi watafurahi, watakushika mkono wakupeleke. Wengine watakuonyesha picha.

Mahali popote utakapoamua, pata kwanza chanjo ya pepopunda kwenye zahanati, maana samadi, misumari na miiba havichagui. Vaa viatu vya kufunika. Kitaluni kwetu tunaanza kujaza viriba Jumamosi ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na kopo la plastiki ulilolikata kitako, la kuchotea udongo, na chupa yako ya maji. Kigoda kipo.